Siku ya mvua Ketchikan, Alaska: uzoefu wangu nikiwa na mama

Tathmini yangu naiweka mbele: katika safari yetu ya meli ya Alaska kutoka Seattle, siku niliyoithamini kuliko zote ni ile ya Ketchikan, na mvua ilinyesha tangu tulipofunga gati hadi tulipoondoka. Mama yangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Kilifi, anasema hivyo hivyo, naye ni mtu mzima ambaye baridi ya huku humkaa mifupani. Naandika kwa sababu ndugu wengi wa hapa jimbo la Washington wanaowapeleka wazazi wao Alaska huniuliza habari za barafu na nyangumi tu. Ketchikan wanaichukulia kituo cha kununulia zawadi. Wanaidhulumu.

Nianze na karatasi, maana hapo ndipo safari za wengi wetu huharibikia. Ipo sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozuia meli za nje kubeba abiria kutoka bandari za Marekani na kuwarudisha bila kupitia nchi nyingine, na karibu meli zote kubwa za kitalii zimesajiliwa nje. Ndiyo maana meli za Seattle hupitia Victoria, Kanada, hata kama ni kwa saa chache za usiku. Mwenye grinikadi (kibali cha ukaaji wa kudumu Marekani) abebe kadi yake na pasipoti iliyo hai. Mzazi mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania aliyekuja kwa viza ya matembezi anahitaji viza ya Kanada pia, hata kama hana nia ya kushuka Victoria, na viza yake ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Ya mama tuliiomba miezi kadhaa kabla.

Mji wenyewe una wakazi kama 8,000, uko kusini-mashariki mwa Alaska katika kisiwa cha Revillagigedo. Hakuna barabara inayotoka hapo kwenda mji mwingine. Unafika kwa bahari au kwa ndege, na hata uwanja wa ndege uko kisiwa cha pili, Gravina, unavuka kwa feri kama mtu wa Likoni, Mombasa. Hewa yenye unyevu kutoka Ghuba ya Alaska inakutana na milima iliyosimama karibu na maji, inapanda, inapoa, inamwaga. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 3,500. Mombasa hupata kama 1,000. Wenyeji husema ukikiona kilele cha Deer Mountain, mvua inakuja, na usipokiona, imeshafika. Sisi hatukukiona hata mara moja.

Mwavuli uacheni chumbani. Vijia vya kando ya barabara vinajaa watu na upepo unatoka baharini, kwa hiyo mwavuli unakuwa kazi ya ziada. Wenyeji tuliowaona walikuwa na makoti ya mvua yenye kofia na viatu vya mpira vya rangi ya kahawia vinavyofika karibu na goti. Mama nilimnunulia koti kubwa Seattle, ndani yake akajifunga leso mbili na sweta, na hakulalamika baridi. Viatu ndiyo muhimu zaidi, maana sehemu kubwa ya mji wa zamani imejengwa juu ya nguzo na mbao zake huteleza.

Ukishuka gatini utakutana na safu za maduka ya vito na saa. Mengi yanaishi kwa msimu wa meli, Aprili hadi Oktoba, na wanachouza kinapatikana bandari yoyote duniani. Tulipita bila kusimama. Safari za ndege zinazotua majini kwenda hifadhi ya asili ya Misty Fjords nazo zilifutwa asubuhi ile kwa sababu ya mawingu, na wenzetu wa meza ya chakula walirudishiwa pesa zao. Anayeiota safari hiyo afike akijua kwamba hali ya hewa ndiyo inayoamua.

Sisi tulitembea. Kutoka gatini hadi Creek Street ni mwendo mfupi, hata kwa mtu wa magoti mabovu. Ni mtaa wa nyumba za mbao zilizosimama juu ya mto, na hadi miaka ya 1950 ulijulikana kwa madanguro. Moja ya nyumba hizo sasa ni makumbusho. Hatukuingia, kwa kuwa kilichotushika kilikuwa chini ya daraja. Ilikuwa Agosti, na samoni walikuwa wamejaa mtoni hadi maji yalionekana meusi. Samaki hawa huzaliwa mtoni, huenda kukua baharini, kisha hurudi mto ule ule kutaga, na wakishaingia maji yasiyo na chumvi hawali tena. Wanapanda kwa nguvu zilizobaki mwilini, wanataga, wanakufa. Mama alikua katika nyumba ya wavuvi na hajawahi kuona samaki wengi hivyo ambao hakuna anayewavua. Alisimama pale kwa muda mrefu, mvua ikimpiga. Sili mmoja alikuwa akiwavizia pale mto unapoingia baharini. Kutazama huku hakulipiwi senti.

Ukifuata mto kwenda juu, kwa kama robo saa ya kutembea polepole, unafika Totem Heritage Center, na hapa ndipo ningewaomba msiharakishe. Jengo lilifunguliwa mwaka 1976 kuhifadhi nguzo za mierezi zilizochongwa (totem) za karne ya 19, zilizotolewa katika vijiji vilivyohamwa vya Watlingit na Wahaida, watu wa asili wa eneo hili. Kiingilio ni nafuu sana ukilinganisha na ziara zinazouzwa melini. Nguzo hazikupakwa rangi upya. Ni za kijivu, zimepasuka, nyingine zimeliwa na mvua upande mmoja, lakini jicho la kunguru au mdomo wa tai bado unausoma vizuri.

Mama ni Mgiriama. Alizitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hawa nao waliwachongea wazee wao?" Nilimtafsiria mhudumu wa pale, mama wa Kitlingit, naye alifurahi kuulizwa hivyo. Akaeleza kwamba nguzo nyingine ni za ukumbusho wa marehemu, nyingine zinabeba alama za ukoo, nyingine zinasimulia kisa. Hakuna iliyoabudiwa, ingawa wamisionari walidhani hivyo. Watlingit wamegawanyika pande mbili, Kunguru na Tai. Mtoto ni wa upande wa mama yake, na kwa desturi mtu huoa upande wa pili. Desturi pia iliiacha nguzo iliyoanguka ioze palepale. Mama akamweleza vigango, nguzo zinazosimamishwa kwa wazee waliofariki wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, nazo pia huachwa zichakae mahali pake wala hazihamishwi. Wakaelewana hapo hapo, kazi yangu ikabaki kutafsiri.

Mazungumzo yakaenda kwenye wizi. Mwaka 1899 msafara wa tajiri wa reli, Edward Harriman, ulifika kijiji cha Cape Fox, wakazi wake wakiwa wamehamia Saxman, kijiji cha jirani na Ketchikan, ukabeba nguzo ukazigawa kwa makumbusho ya Marekani. Zilirudishwa mwaka 2001. Vigango navyo viliibwa vingi pwani kwetu, vikauzwa, na vingine vikaishia makumbusho ya huku huku Marekani. Makumbusho ya Denver iliamua mwaka 2014 kurudisha 30 Kenya. Mama alikuwa akilijua hili la vigango, lakini hakujua kwamba watu wengine walitendewa vilevile. Alipoambiwa kwamba baada ya marudisho Nathan Jackson, mchongaji mkubwa wa Kitlingit, alichonga nguzo mpya kwa ajili ya makumbusho ya Harvard, mama hakukubali. Kigango, alisema, huchongwa kwa marehemu anayejulikana jina lake, si kwa kujaza nafasi ya ukutani. Mhudumu hakumpinga. Alisema kwao nguzo mpya inaonyesha kwamba mikono bado inajua kazi. Mimi naona kila mmoja alikuwa na haki kwa mila yake, na hakuna ziara ya kununua iliyoweza kunipa saa ile.

Kutoka hapo tulipanda basi la umma hadi Saxman, kama kilomita 4 kusini. Nguzo za hapa ziko nje na zina rangi kali. Nyingi zilitengenezwa upya au kunakiliwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, katika mradi wa serikali wa kuwapa watu kazi. Mtafuteni William Seward, waziri aliyefanikisha ununuzi wa Alaska kutoka Urusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2. Alipozuru mwaka 1869 chifu mmoja wa Kitlingit alimkirimu kwa karamu na zawadi, naye hakurudisha fadhila. Wakamchongea nguzo ya kumwaibisha, pua na masikio yamepakwa rangi nyekundu. Mama aliomba apigwe picha karibu na nguzo hiyo kuliko nyingine yoyote, ili akawaonyeshe watu nyumbani deni linavyodaiwa.

Kwa chakula, samaki aina ya halibut wa kukaanga na chipsi walitutosha. Ni minofu minene, myeupe, iliyotoka mafutani muda ule ule. Kaa wakubwa wapo, ila bei yake ni kali, na utamu wake sikuuona unazidi kaa wa Mida, kwetu Kilifi.

Mambo mawili ya kuangalia kabla hamjalipa. Kwanza, ulizeni meli inafunga wapi. Tangu mwaka 2021 baadhi ya meli hufunga Ward Cove, kama kilomita 11 kaskazini mwa mji, na muda wa basi la kwenda na kurudi unakula siku yenu. Pili, angalieni saa za kukaa. Sisi tulikuwa na kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri, zikatosha kwa mwendo wa mzee. Ratiba inayowapa nusu siku tu itawalazimisha kuchagua kati ya Totem Heritage Center na Saxman. Chagueni ya kwanza. Na kumbukeni kwamba Alaska iko nyuma ya Seattle kwa saa moja, kwa hiyo fuateni saa iliyotangazwa melini, si ya simu.