Traka Kwenye Fuso: Nilichokiona Ndani ya Miezi Minne

Haya jamani, nipo Kange hapa, Tanga. Nyuma yangu ni Fuso inayopanda Lushoto kufuata kabichi. Ninazo mbili, na Canter moja ya machungwa ya Muheza. Zote nimezifunga traka, kifaa cha kufuatilia gari kwa simu, sasa ni miezi minne, na mnaniuliza kila siku kama hela yangu haikupotea.

Kifaa ni hiki, sogeza kamera. Kinapokea mawimbi ya satelaiti kijue kilipo, halafu kina laini ya simu ndani inayonitumia taarifa. Bando likiisha, umefunga pambo.

Waya mwekundu na mweusi kila fundi anaujua. Huu wa tatu, unaokwenda kwenye swichi, ndio umsimamie fundi wako. Wangu aliuruka. Wiki mbili naona gari limesimama Segera, sijui limezimwa au lipo silensa, yaani injini inawaka gari limesimama. Ulipofungwa tu, ripoti ya kwanza: dakika 52 injini inanguruma, gari halijasogea. Dereva ni mtu mzima kwangu, namwita mjomba, nikamuuliza kwa upole. "Nilikuwa nachaji simu, bosi, nikaogopa kuua betri." Dizeli inachaji simu! Nikamnunulia pawabenki, yakaisha.

Kisa cha pili kinaniaibisha. Saa mbili usiku, ramani inaonyesha gari limekwama kwenye kona za Soni, dakika 40, na simu ya mjomba haipatikani. Nishaanza kuwaza kabichi zangu zinauzwa njiani. Mara vinukta vikaanza kumiminika, kona kwa kona, mpaka Mombo. Gari halikusimama kabisa. Mtandao ndio ulikatika, traka ikaitunza safari kwenye kumbukumbu yake, ilipopata mnara ikaimwaga yote. Siku hizi kabla sijagomba naangalia kwanza taarifa ya mwisho imeingia saa ngapi.

Sasa mafuta. Ukiambiwa traka inakamata wanaonyonya dizeli, uliza maswali. Yenyewe haioni tangi. Mtu akinyonya usiku gari limezimwa, humjui, mpaka ufunge kipimo ndani ya tangi, na hicho kina bei yake. Mimi nimefunga kwenye moja tu, ile inayolala nje.

Mwendo nimeweka 80, kikomo cha malori kisheria, ikizidi simu inalia. Ila kile kitufe cha kuzima gari kwa simu, tafadhali, usikiguse gari likiwa kwenye mwendo. Fuso ikizimika kwenye mteremko, usukani unakuwa mzito kama jiwe na upepo wa breki haujazwi tena. Unamtafuta mwizi, unamuua utingo.

Kama una gari moja na unaendesha mwenyewe, hela hiyo weka kwenye tairi. Ukiwa na mawili na madereva wa kuajiri, funga.

Ngoja kidogo... Canter imepita Pongwe. Nikawatafute wabebaji, machungwa yanaingia.