LH ya sampuli moja au kipimo cha kuchochea homoni?

Binti akianza kuota matiti kabla ya kutimiza miaka 8, daktari huwa na njia mbili za kujua kama balehe imeanza mapema: kupima LH (homoni ya tezi iliyo chini ya ubongo inayoamsha ovari) kwa damu ya mara moja, au kumchoma sindano ya kuichochea, kisha kumtoa damu tena na tena kwa saa moja au zaidi.

Kwa gharama na usumbufu, sampuli moja inashinda bila ubishi.

Uhakika ndio wenye mjadala. LH ikizidi 0.3 IU/L, kwa mashine inayosoma viwango vidogo sana, huashiria kwamba ubongo umeshaanzisha balehe. Ikiwa chini ya hapo, shaka haijaisha, maana mwanzoni LH hutoka kwa vipindi, hasa usiku. Hapo kuchochea kuna nguvu: kilele cha LH cha zaidi ya 5 IU/L hivi huonyesha balehe halisi. (Kwa mtoto wa chini ya miaka 2, vyote viwili vinaweza kupotosha.) Estradioli (homoni ya kike ya ovari) peke yake mimi siitegemei, hupanda na kushuka mno.

Wakati wa matibabu, LH ya sampuli moja inaweza kubaki juu ya 0.3 ilhali dawa inafanya kazi. Bahati nzuri, sindano ya leuprolidi, dawa ya kusimamisha balehe, yenyewe mwanzoni ni kichocheo cha LH: damu ikichukuliwa muda mfupi baada ya dozi hutoa jibu la kuaminika zaidi, bila miadi nyingine.

Dalili zikienda kasi na LH iko juu, sioni haja ya kumchoma zaidi. Zikisuasua na namba ni ndogo, mchochee, au msubiri miezi michache mkimpima urefu.