DSLR au mirolesi: mpangilio wangu wa kamera zinazokaa vizuri mkononi, kwa wapiga picha wa Mtwara na Lindi

Wadau wa kusini, hela ya korosho ikishaanza kuingia huku kwetu kila wikiendi kuna harusi, kuna sendoff, watoto wanatoka jando, na mpiga picha anasimama toka asubuhi mpaka usiku mkubwa kamera iko mkononi. Sasa vijana wananiuliza sana, kaka nichukue DSLR au mirolesi, na karibu wote swali linalofuata ni megapikseli ngapi, video inatoka 4K au haitoki, anayeuliza itakaaje mkononi simuoni. Mi hilo ndo naliweka la kwanza kabisa, kwasababu kamera yoyote ya maana iliyotoka miaka kumi hii picha zake zinatosha kwa albamu ya harusi, ila kamera inayokubana kiganja ikifika saa tisa alasiri utaiweka mezani upumzike, na hapo ndo mama wa bibi harusi anapoinuka kutunza na wewe huna picha.

Tofauti yenyewe kwa kifupi. DSLR ina kioo ndani kinachopeleka mwanga kwenye kitundu cha kuchungulia, kwahiyo lenzi lazima ikae mbali na sensa (kile kinachonasa picha) ili kioo kipate nafasi ya kunyanyuka: Canon EF ni milimita 44, Nikon F ni 46.5. Mirolesi imetoa kioo, umbali ukashuka, Canon RF ni 20, Nikon Z ni 16, Sony 18. Bodi, yaani kamera bila lenzi, ikawa nyembamba na nyepesi na watu wakaamini mzigo umeisha. Haujaisha. Kilichopungua ni bodi, vioo vya lenzi ya f/2.8, zile zenye tundu pana la kuingiza mwanga mwingi, bado vinataka ukubwa wao.

Piga hesabu na mimi. Canon 5D Mark III ikiwa na betri na kadi ni gramu 950, mweke lenzi ya EF 24-70 f/2.8 toleo la pili ya gramu 805, jumla 1755. Chukua R6 ya mirolesi gramu 680, mweke RF 24-70 f/2.8 ya gramu 900, jumla 1580. Tofauti gramu 175 tu baada ya kutoa mamilioni! Ila Sony a7 III ya gramu 650 na Tamron 28-75 f/2.8 ya gramu 550 inakupa 1200, hapo bega litakushukuru. Ukisoma uzito kwenye tangazo la Kariakoo jumlisha na lenzi utakayoishi nayo, bodi peke yake haikwambii kitu.

Kingine ambacho hakiandikwi kwenye tangazo ni kidole kidogo. Shika kamera kwa mkono wa kulia kama unapiga, angalia kidole cha mwisho kimeangukia wapi. Kikipata gripu, uzito unagawanyika kiganja kizima. Kikining'inia hewani, vidole viwili vinabeba kila kitu na kifundo cha mkono kinajipinda kusaidia, saa mbili za kwanza husikii chochote, saa ya tano unasikia moto unapanda mpaka kwenye kiwiko. Kwahiyo tafuta kimo cha bodi, kimeandikwa kwenye vipimo: Canon 90D ni kama milimita 105, Nikon D7500 ni 104, Nikon Z6 na Z5 ni 100 na kitu, R6 kama 98, a7 III kama 96, Canon 250D kama 93, Canon R50 kama 86, afu Sony a6400 ni 67 tu. Mwanaume mwenye kiganja kipana akishuka chini ya 90 kidole kitatafuta pa kushika. Dada mwenye mkono mdogo hadithi yake ni tofauti kabisa, 5D itamchosha kwa unene kabla hata ya uzito, na batani atazifikia kwa kuchezesha mkono mzima.

Namba moja kwangu ni mirolesi za saizi ya kati zenye gripu ya kina: Nikon Z6 na Z5, na Canon R6. Zote ziko kwenye gramu 675 mpaka 680 na betri ndani. Nikon naipa mbele kidogo kwa mkono mkubwa kwasababu gripu imeingia ndani, vidole vinakunja na kukaa, na ukivaa 24-70 f/4 ya gramu 500 unatembea na 1175 ambayo unaimaliza nayo siku bila kulalamika. R6 gripu yake imetengenezwa kwa mtu aliyezoea Canon za zamani, unaijua hata gizani. Halafu zote zina stebilaiza kwenye sensa, ile inayotuliza mtikisiko wa mkono, ambayo watu wanaihesabu kama jambo la ukali wa picha tu wakati ni jambo la mwili pia, unapiga taratibu kwa mwanga mdogo bila kubana pumzi na kukaza mabega kila picha.

Na kuna hili la jua letu. Nenda Msimbati saa saba mchana, mchanga mweupe, bahari inarudisha mwanga, jaribu kuangalia picha kwenye skrini ya DSLR uone, utavua shati ujifunike kichwani. Mirolesi unaangalia picha uliyopiga ndani ya kile kitundu, jicho likiwa palepale, na kabla hujabonyeza unaona kabisa picha itatoka nyeusi au itaungua. Ile kushusha kamera, kuziba kwa mkono, kunyanyua tena, mara mia kwa siku, inaondoka yote. Mi hiyo peke yake naihesabu kuliko gramu mia mbili. Ukivaa miwani ya macho faida inazidi.

Upande wa kelele nao, kwenye nikaha msikitini au ibada ya mazishi mirolesi unaizima sauti kabisa. Angalia tu ukitumia shata ya kimya chini ya taa za LED za ukumbini picha inaweza kutoka na michirizi, na mcheza sindimba kiuno kinaweza kutoka kimepinda, kwenye ngoma rudisha shata ya kawaida.

Wenye lenzi za zamani msiuze kwa haraka. EF zinakaa kwenye R6 kwa adapta ya gramu 110 na fokasi inafanya kazi vizuri tu, ila ile adapta inasogeza uzito mbele. Nikon kuna mtego: lenzi za AF-D, zile zinazozungushwa na mota ya bodi, kwenye adapta ya FTZ fokasi unazungusha mwenyewe. Betri za 90D au 5D Mark III zinaingia R6, za D7500 zinaingia Z5, kwahiyo rundo lako la betri halipotei.

Namba mbili, na hapa wengi watabisha, ni DSLR za kati: Canon 90D gramu 701 na Nikon D7500 gramu 720. Kwa mtu ambaye bajeti yake haigusi R6 mi nasema achukue hizi na asione aibu. Gripu ya D7500 ni ya kina sana, ukiishika unaweza kuiachia vidole vitatu haianguki, batani kubwa, unabadilisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) bila kutoa jicho. 90D ukiivalisha EF-S 17-55 f/2.8 ya gramu 645 jumla ni 1346, ambayo ni nyepesi kuliko R6 na lenzi yake kubwa. Na betri! Kwa kipimo cha kiwanda 90D inatoa picha 1300 kwa chaji moja ukichungulia kwenye kitundu. Ukienda kupiga shughuli vijijini Tandahimba huko ndani, umeme umekatika, jenereta ni ya mziki na MC hataki mtu aguse soketi, utaelewa namaanisha nini. Sony a7 III ambayo ni mirolesi inayojitahidi sana inatoa 610 ukichungulia hivyohivyo, Z6 310 tu, ingawa ukiwasha na kuzima kwa akili zote zinazidisha hapo. Mwenye Z6 atembee na betri tatu mfukoni, ni mzigo pia huo, ujumlishe.

Ubaya wa DSLR ni video. Ukichungulia kioo kimenyanyuka huoni kitu, kwahiyo video unapiga mikono imenyooshwa mbele ukiangalia skrini, mkao mbaya kuliko yote kwa mgongo. Kazi yako ikiwa nusu video, ruka namba mbili.

Namba tatu nampa Sony, a7 III na a7 IV. Najua huku ndo kamera ya heshima na fokasi yake ya jicho kweli haina mpinzani kwa bei ya yuzdi (mtumba), lenzi ni nyingi na nyepesi, ndo maana ile 1200 imetoka kwake. Lakini a7 III, japo kimo chake kimepita 90, kidole cha mwisho bado kinakosa nafasi, na ukivaa lenzi nene vidole vinabanwa kati ya lenzi na gripu, mwenye vidole vinene atasugua mpaka ngozi inauma. a7 IV wameongeza kina cha gripu na menyu imekuwa ya kueleweka, ukiwa na uwezo chukua hiyo. Kwa a7 III kuna vile vipande vya kuongeza gripu chini, sahani ya chuma inayofungwa kwa skrubu, sio ghali na kidole kinapata pa kukaa. Nunua siku hiyohiyo.

Namba nne ni vidogo vyote, DSLR ndogo kama 250D ya gramu 449 na D3500 ya gramu 415, pamoja na mirolesi ndogo kama R50 gramu 375 na a6400 gramu 403. Kwa anayeanza mi namwelekeza D3500 au 250D, gripu yake pamoja na udogo inakunja vidole vizuri, na D3500 inakwenda picha 1550 kwa chaji. R50 na a6400 ni za safari na za kujirekodi. Ukienda Kilwa Kisiwani, unavuka na boti kutoka Kilwa Masoko, halafu unatembea toka Gereza mpaka Msikiti Mkuu mpaka Husuni Kubwa kwenye joto lile, a6400 na lenzi yake ya 16-50 ni gramu 519 zote, inakaa kwenye kimkoba cha kiunoni na husikii. Ila usithubutu kuivalisha 70-200 f/2.8 ya EF ya gramu 1490 kwa adapta ukapige mpira Nangwanda Sijaona. Kamera inakuwa kama kifuniko nyuma ya chupa, mkono wa kushoto ndo unabeba lenzi yote na wa kulia hauna cha kushika.

Namba tano ni mijitu mikubwa, 5D Mark III, na D850 ambayo ni gramu 1005 bila lenzi. Picha zake nazipenda mno, bado nitazitetea popote, na kwa lenzi kubwa ndo zinakaa sawasawa kuliko kamera zote nilizotaja. Kwa starehe ya siku nzima hapana, labda uwe unapiga studio kwenye stendi au uwe na mkanda wa kupita begani, sio ule wa shingoni unaokuja kwenye boksi.

Jambo la hali ya hewa yetu. Jasho na chumvi vinakula raba za gripu, kamera za zamani raba inavimba inabanduka na kamera inateleza, ukinunua yuzdi bonyeza raba kwa dole gumba kila kona. Ukirudi baharini futa bodi kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo kilichokamuliwa, kisha kikavu. Mirolesi sensa iko wazi ukitoa lenzi, R6 na a7 IV zinaweza kufunga shata (pazia la mbele ya sensa) ukizizima, nyingine nyingi haziifungi, kwahiyo usibadilishe lenzi juu ya bodaboda wala kwenye upepo wa mchanga.

Sasa shida yetu kubwa, duka la kushika kamera nne tofauti hapa hamna, wengi tunaagiza Dar mzigo unakuja na basi kilomita zaidi ya mia tano na hamsini bila kuigusa. Fanya hivi. Nenda kwa mpiga picha yeyote unayemfahamu, Masasi, Lindi mjini, Ligula, muombe ushike yake na lenzi aliyoizoea, uiweke jichoni dakika kumi bila kushusha, halafu simama wima na squat kama unapiga watoto. Dakika kumi zinakwambia ukweli kuliko video ya saa nzima ya YouTube. Ukikosa kabisa, chukua kilo ya sukari ongeza nusu kilo, ishike kwa mkono mmoja usawa wa kidevu, huo ndo uzito wa R6 na 24-70 yake kwa karibu sana. Na muuzaji mwambie akupigie video akiishika kamera kwa mkono mmoja uone kidole cha mwisho kilipo. Akikataa kufanya hata hilo tafuta mwingine, Kariakoo wako wengi.

Mzigo ukifika stendi Mkanaledi usiondoke nao umefungwa. Fungua palepale, vaa lenzi, zungusha magurudumu yote usikie kama yanaruka, bonyeza shata mara kadhaa, na kwa mirolesi funika kitundu kwa kidole uone kama skrini inahama kuingia ndani, ile sensa ya jicho ikiwa imekufa kamera itakuchosha kila siku na simu ya muuzaji ni rahisi kupokelewa siku ya kwanza kuliko ya nane.