Kulala Kisiwani Chumbe: Anasa Isiyo na Kiyoyozi

Kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar, kina nyumba 7 tu za wageni, zilizoezekwa makuti na kuelekezwa baharini, ambazo paa lake hukinga maji ya mvua yanayotumiwa kuogea, huku umeme ukitoka kwenye jua na vyoo vikigeuza kinyesi kuwa mboji bila kutumia maji. Anayetaka kiyoyozi au bwawa la kuogelea atafute kwingine.

Sababu hasa ya kwenda ni matumbawe. Mwamba wa upande wa magharibi ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, uvuvi ukapigwa marufuku, na leo mgeni aliyevaa miwani ya kuogelea na mpira wa kupumulia huona makundi ya samaki karibu kabisa na uso wa maji. Kuzamia kwa mitungi hakuruhusiwi, jambo ninaloliunga mkono. Usiku, waongozaji huwaonyesha wageni kaa wa nazi, viumbe wakubwa ajabu, wakitambaa msituni. Mnara wa taa wa mwaka 1904 una ngazi nyingi, lakini mandhari ya juu yanastahili jasho hilo. Bei ni kubwa, ingawa mapato yake hugharimia pia ziara za wanafunzi wa Zanzibar.