Diski saba za watunzi wa Stax: uzoefu wangu na Written in Their Soul

Diski ya kwanza niliiweka saa nne usiku, watoto wamelala, nikavaa hedifoni. Nyimbo nilizijua tangu utotoni, waimbaji sikuwajua. Zile sauti kubwa nilizozizoea hazikuwepo. Badala yake alikuwepo mtu na kanda yake ya zamani inayokwaruza, anaimba kama anayeonja maneno mdomoni kabla hajamkabidhi mwingine.

Mkusanyo huu ulitolewa mwaka 2023 na Craft Recordings. Una diski 7 na rekodi 146, na katika hizo, rekodi 140 hazikuwahi kutoka hadharani. Ni demo: watunzi wa Stax, kampuni na studio ya muziki wa soul mjini Memphis, Marekani, wakiziimba tungo zao wenyewe, ili mwimbaji au mtayarishaji asikie na aamue kama anautaka wimbo. Hazikurekodiwa kwa ajili yetu sisi wasikilizaji, na ndiyo maana zimenigusa hivi.

Mimi nimelelewa na mtunzi. Marehemu babu yangu aliandikia mashairi kikundi cha taarabu Tanga. Aliyaandika kwa penseli kwenye daftari la shule, kisha akamghania mwimbaji mara mbili tatu barazani mpaka ayashike. Usiku wa shughuli mwimbaji alitunzwa noti mpaka zikaanguka chini, na babu yuko viti vya nyuma akichezesha midomo. Kwa hiyo nilipomsikia Mack Rice nilisimamisha diski kidogo.

Rice aliitunga Respect Yourself pamoja na Luther Ingram, na dunia ikaipokea mwaka 1971 kutoka kwa Staple Singers, kundi la familia la Pops Staples na binti yake Mavis. Hapa hakuna Mavis wala Pops. Kwa kina Staple maneno yale ni mahubiri. Kwa Rice niliyasikia kama karipio la jirani aliyevumilia vya kutosha. Na huyu ndiye aliyeitunga pia Mustang Sally, ambayo wengi wetu tunaiita wimbo wa Wilson Pickett, tumemaliza.

Bettye Crutcher ndiye niliyemrudia kuliko wote. Alikuwa mwanamke pekee katika kundi la watunzi walioajiriwa pale, na pamoja na Homer Banks na Raymond Jackson walijiita We Three. Watatu hao ndio waliompa Johnnie Taylor wimbo wa Who's Making Love mwaka 1968, ukauzwa zaidi ya nakala milioni moja. Nilimwekea mama yangu wimbo mmoja wa Crutcher jikoni. Alikuwa anachambua mchele. Akasikiliza, akaweka ungo chini, akaniuliza, "Mwanangu, huyu anayeimba ni nani?" Nikamwambia huyu ndiye mwenye maneno. Akaniambia nirudishe mwanzo.

Kijitabu kilichomo ndani, kilichoandikwa na Robert Gordon na Deanie Parker, kisomeni kabla ya kusikiliza. Parker mwenyewe alikuwa mtunzi na mfanyakazi wa Stax, kwa hiyo anasimulia aliyoyaona. Ukiijua ile nyumba ya Stax ya Barabara ya McLemore utazisikia demo hizi vizuri zaidi. Ilikuwa sinema iliyogeuzwa studio, sakafu bado imeinama kama ya ukumbi wa kutazamia picha. Kando yake Estelle Axton, mmoja wa wamiliki, alikuwa na duka la santuri. Homer Banks alifanya kazi humo kabla hajawa mtunzi. Bi Axton aliangalia vijana wa mtaani wananunua nini, kisha akawaketisha watunzi wake wachunguze kwa nini santuri ile imependwa. Ilikuwa shule kamili, na ubao wake ni kaunta ya duka.

Stax ilifilisika mwishoni mwa 1975, lakini kanda za watunzi zilibaki kwa walioshika hakimiliki za tungo. Mtayarishaji wa mkusanyo huu, Cheryl Pawelski, alizifuatilia kwa zaidi ya miaka 15 mpaka boksi hili likatoka. Mwaka 2024 lilipata tuzo mbili za Grammy, moja ya mkusanyo wa kihistoria na nyingine ya maelezo ya kijitabu. Kwa maoni yangu zote mbili ni za haki.

Sasa kasoro. Kampuni ya usafirishaji niliyoitumia ilinichelewesha wiki tatu, na boksi likafika limebonyea pembeni. Hilo si kosa la watengenezaji, ila ukiagiza kutoka mbali sisitiza lifungwe vizuri. Sauti za rekodi hazilingani: nyingine safi, nyingine utadhani zimepita chini ya mlango. Na usijaribu kuzimaliza kwa siku moja. Nilijaribu Jumapili, kufika diski ya nne masikio yakakataa. Kama fedha hazitoshi, rekodi zinapatikana pia mtandaoni, ila kijitabu utakikosa na mimi nisingekubali kukikosa.

Diski za mwisho zina tungo ambazo hazikupata mwimbaji kabisa. Nilidhani zitakuwa masalia. Sivyo. Kuna nyimbo humo zimekamilika, kibwagizo kimekaa mahali pake, zilikosa tu mtu wa kuzichukua siku ile. Daftari la babu nalo lina kurasa kama hizo, na wiki hii nimelitoa sandukuni nikalisoma pole pole huku diski ya sita ikizunguka.