Contour Plus ya kupimia sukari: angalia stripu kwanza, mashine baadaye

Watu wananiuliza sana mashine gani nzuri ya kupimia sukari nyumbani, hasa wenye wazazi watu wazima, basi leo niandike yote mara moja maana kujibu mmoja mmoja nimechoka. Mi natumia Contour Plus kwa mama, ana kisukari aina ya pili, yuko kwenye vidonge sio sindano, na hii mashine tumekaa nayo muda wa kutosha ikiwemo ile miezi ya joto la Dar ambayo hata simu inazima yenyewe. Ni nzuri, ningeinunua tena. Ila ninavyoisifia mimi sivyo wanavyoisifia wauzaji.

Muuzaji atakuonyesha mashine. Kioo hiki hapa, inatunza vipimo 480, pochi yake hii, betri ni zile bapa mbili za CR2032 ambazo unapata hata kwa fundi saa. Sawa, asante. Ila kinachopima sukari sio hiyo mashine jamani, ni stripu. Sensa yote iko kwenye kale kaplastiki unakokatupa baada ya sekunde 5, mashine ni msomaji tu. Kwaiyo mtu anayenunua mashine ya bei chee halafu anaokota stripu popote, huyo kajipunja mwenyewe.

Chukua stripu moja uigeuzegeuze kwenye mwanga utaona vinjia vyembamba vya kupitisha umeme, na kwenye ncha kuna kauwazi kadogo ambako damu ikigusa tu inavutwa yenyewe ndani, huna haja ya kudondoshea juu kama dawa ya macho. Mle ndani kuna kimeng'enya (enzyme) kimekaushwa. Damu ikifika kimeng'enya kinaishika sukari na kuinyang'anya elektroni, halafu kuna kemikali nyingine inazibeba hizo elektroni hadi kwenye kile kinjia, inashusha, inarudi kufuata nyingine. Mashine inapima umeme uliopita. Sukari nyingi umeme mwingi, sukari kidogo umeme kidogo, halafu inakokotoa inakupa namba. Wazo lenyewe la zamani kweli, Leland Clark na mwenzake Champ Lyons walilitoa Marekani mwaka 1962, ila mpaka limfikie mgonjwa mkononi ikachukua miaka, ile ExacTech ya mwanzo yenye umbo la kalamu imetoka 1987.

Sasa kwenye hicho kimeng'enya ndo kuna mambo. Viko vya aina zaidi ya moja na havifanani tabia. Kuna aina ilikuwa inatumika sana zamani, inaitwa GDH-PQQ, hiyo ilikuwa haichagui, inashika sukari ya damu na pia inashika maltosi na sukari nyingine ambazo hazihusiki. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kupitia tumbo kwa maji yenye ikodekstrini, aina ya wanga ambayo mwilini inavunjika kuwa maltosi, mwili wake unakuwa na hiyo maltosi, basi mashine inasoma juu, anaongezewa insulini, kumbe sukari yake halisi iko chini kabisa. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, mwaka 2009 ilitoa tahadhari na kutaja vifo 13 vilivyohusishwa na stripu za namna hiyo. Contour Plus inatumia FAD-GDH ambayo haina huo mchezo wa maltosi. Hii ndo sababu yangu ya kwanza ya kuichagua, ingawa mama hana shida ya figo, manake mashine ya nyumbani haiishii kwa mtu mmoja, jirani atakuja kupima, baba mdogo atakuja kupima, wote hao hujui wana nini.

Sababu ya pili ni wingi wa damu. Hili nalo wauzaji hawalisemi, labda hawalijui. Mtu mwenye upungufu wa damu, sukari yake kwenye stripu nyingi inasomeka juu kuliko uhalisia, na mwenye damu nzito inasomeka chini. Kwetu huku wajawazito wenye upungufu wa damu wapo wengi, wenye selimundu wapo, watoto waliotoka kwenye malaria kali wapo. Kwenye karatasi ya ndani ya boksi kuna mahali pameandikwa hematokriti, yaani asilimia ya chembe nyekundu kwenye damu, na ni maandishi ya sisimizi lakini yasome. Kuna stripu zinakubali kati ya asilimia 30 na 55 tu, ukiwa chini ya hapo namba unayopewa usiiamini. Ya Contour Plus inakwenda 0 hadi 70. Hizi stripu mpya zinapima kwa mipigo kadhaa ya umeme badala ya mmoja, zinatumia tofauti ya hiyo mipigo kurekebisha.

Kitu kingine nilichopenda ni kwamba damu ikiwa haijatosha inakuonyesha, unapewa muda mfupi wa kuongeza tone kwenye stripu ileile. Kwa vijana hili halina maana sana ila kwa mama ambaye vidole vina sugu ya mchi na jembe, tone linatoka kwa kubembeleza, unaminya unaminya linakuja kadogo, kwa mashine tuliyokuwa nayo kabla ya hii hapo ilikuwa tayari stripu imeungua, unatoa nyingine, unamdunga tena, na yeye kashakunja uso anasema basi acha mwanangu nitapima kesho. Inataka mikrolita 0.6 tu. Na mdunge pembeni ya kidole, sio katikati ya nyama ya mbele, pembeni hapaumi sana.

Hiyo mashine ya kabla jina naliacha. Ilikuwa ya zile zenye chipu ya "code", kila boksi jipya la stripu linakuja na kachipu kake, unakachomeka, namba kwenye kioo lazima ifanane na namba ya kwenye chupa. Dada wa kazi alifungua boksi jipya akaacha chipu ya zamani, hakuna aliyemwambia, na mashine yenyewe haikulalamika, ikawa inatoa namba za ajabu wiki nzima. Contour Plus haina mambo ya code, unachomeka stripu inawaka yenyewe. Kwenye nyumba ya watu wengi hilo ni jambo kubwa mno.

Joto sasa. Stripu nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 30, na sisi wa Pwani tunajua Januari na Februari chumbani mchana ni zaidi ya hapo. Nimewahi kuingia duka moja la dawa nikakuta maboksi ya stripu yamepangwa dirishani kwenye kioo, jua la saa nane linayapiga hasa, na muuzaji anajipepea. Sikununua. Unyevu nao ni adui, kile kimeng'enya kimekaushwa kikae kikavu, kwaiyo chupa ifungwe palepale ukitoa stripu, na usihamishie stripu kwenye kikopo kingine hata kama ni kizuri, ule mfuniko wa chupa yake una dawa ya kunyonya unyevu. Wanaoweka kwenye friji nao waache, ukiitoa kwenye baridi ukaifungua kwenye joto inashika umande. Sisi tunaweka chumba cha kati kabati la chini, mbali na jiko. Na mashine ina kipimajoto chake ndani cha kufanyia marekebisho, ukitoka nayo kwenye gari lililopaki juani iache itulie kwanza.

Kuhusu mikono. Mama Salima wa nyumba ya pili alikuja jioni kupima, alikuwa anamenya embe, akajifuta kwenye kanga akakaa. Tukapima ikaja 16.8. Mwenyewe akashika kichwa. Nikampeleka bombani akanawa na sabuni, akakausha vizuri, tukapima kidole kingine ikaja 6.3. Mtu huyo huyo, mashine hiyo hiyo, ni dakika tu zimepita. Wajapani walishalifanyia utafiti hili wakachapisha 2011, watu wamemenya machungwa na zabibu, na walichokuta ni kwamba kufuta kidole na spiriti haikusaidia, kunawa kwa maji ya bomba ndo kulisaidia. Tone ni dogo sana, kasukari kadogo ka tunda kwenye ngozi kanatosha kuliharibu. Kwaiyo ile pamba ya spiriti watu wanayoitegemea, mi nasema nawa kwanza.

Usahihi. Kiwango cha kimataifa cha ISO cha 2013 kinataka angalau asilimia 95 ya majibu yawe ndani ya asilimia 15 ya maabara, kwa sukari kuanzia 5.55 kwenda juu, na chini ya hapo isipishane zaidi ya 0.83. Piga hesabu uone maana yake, sukari ya 10 kamili mashine ikisema 8.6 haijakosea, ikisema 11.4 pia haijakosea. Kwaiyo wale wa kupima mara mbili mfululizo, ya kwanza 7.2 ya pili 7.7, halafu wanasema mashine feki, hapana, hiyo ni kawaida kabisa. Angalia mwelekeo wa wiki. Sisi tuliilinganisha siku ya kliniki, mama hajala, nikampima palepale wakati anatolewa damu ya mshipani, mashine ikasema 7.4, majibu ya maabara 7.1. Mi nikaridhika. Na hapo kuna kitu cha kujua, ukilinganisha hakikisha damu ya maabara imewekwa kwenye kichupa cha kifuniko cha kijivu, kile chenye floridi ya kuitunza sukari isiliwe, manake chembe za damu zinaendelea kula sukari ndani ya kichupa, kwa kawaida asilimia 5 hadi 7 kila saa, na kwenye joto inazidi. Damu ikikaa mezani mpaka saa saba mchana, unaweza ukailaumu mashine bure.

Wenye ndugu Marekani nawaonea huruma kidogo. Unaletewa mashine nzuri kweli kwenye begi, inasoma mg/dL badala ya mmol/L tuliyozoea huku, bibi anaona 126 anazimia. Gawanya kwa 18, hiyo ni 7.0. Halafu stripu za boksi zikiisha unakuta hapa mjini hakuna za aina hiyo, mashine inabaki pambo. Boksi la stripu 50 kwa mashine nyingi linakimbizana na bei ya mashine yenyewe, hapo ndo hela inapoenda, kwaiyo kabla hujalipia mashine zunguka kwanza maduka mawili matatu ya karibu na kwako uulize stripu zake zipo na zinaisha muda lini. Na soma chupa inasemaje ukishaifungua, kuna zinazodumu miezi 3, kuna 6, kuna zinazokwenda hadi tarehe ya mwisho iliyoandikwa.

Binamu yangu yuko Uingereza anavaa FreeStyle Libre, ile ya kubandika kwenye mkono wa juu, wiki mbili hivi halafu unabadilisha. Ni sensa yenye wazo lilelile la kimeng'enya na umeme ila inakaa chini ya ngozi muda wote, na haipimi damu yenyewe, inapima majimaji yaliyo katikati ya seli, ndo maana inachelewa dakika kadhaa nyuma ya kidole, na ukiilalia usingizini inaweza kusema imeshuka wakati haijashuka. Kwa wa insulini ni kitu cha maana sana, anaona usiku mzima sukari ilivyokwenda. Kwa mama mwenye vidonge anayepima asubuhi na siku akijisikia vibaya, gharama ya kila wiki mbili sioni ya nini.

Na hizi saa za mkononi zinazotangazwa kila siku eti zinapima sukari bila kudunga, kwa taa ya kijani tu. Jamani. Februari 2024 FDA wametoa onyo wazi kwamba hawajaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Saa inaweza ikaonyesha namba iliyotumwa na sensa ya kubandika, hiyo sawa, ila yenyewe peke yake hapana. Kuna mzee mtaani kwetu kanunuliwa na wanae, ana furaha, kila siku sukari 5 na ushee. Tumeivalisha chupa ya maji ya Kilimanjaro ikasoma 5.4.

Contour Plus naipa nyota 4. Kama unataka ya kuunganisha na simu hii haina Bluetooth, Contour Plus One ndo inayo, mi sikuona haja manake mama ana daftari lake la kliniki na daktari analitaka hilo daftari. Nyota ya 5 naishikilia kwa ajili ya maji ya kontroo, ile chupa ndogo ya majaribio yenye sukari inayojulikana, unaweka tone lake kwenye stripu na jibu linatakiwa liangukie kwenye namba zilizochapwa kwenye chupa ya stripu. Hiyo ndo njia ya kujua boksi uliloletewa na bodaboda halijapikwa na jua njiani. Nimeulizia maduka ya dawa kuanzia Kariakoo hadi Mbagala, wengi wananiletea maji ya drip.