Mazda MX-5 ya zamani: gari nililolipenda silo nililolinunua

Nianze na jibu kabisa, maana najua wengine hamtafika chini: nilinunua, ninalo mwaka wa pili sasa, na sijutii. Ila gari lililoniumiza roho wiki nzima, lile nililokuwa nimeshalipa jina kabla hata sijaliwasha, nililiacha palepale nilipolikuta. Nililochukua lilikuwa limepauka rangi na linadondosha oili.

Nazungumzia MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile yenye taa zinazochomoza kama macho ya chura. Ilizinduliwa kwenye maonyesho ya magari ya Chicago mwezi Februari 1989, Japani wakaiuza kwa jina la Eunos Roadster, na kizazi hicho kiliendelea kutengenezwa mpaka 1997. Wazo lake lilitokana na vigari vya wazi vya Uingereza vya miaka ya 1960, vya aina ya Lotus Elan, isipokuwa hiki kilitakiwa kiwake kila asubuhi. Injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, siti mbili, na yale ya mwanzo uzito wake haufiki tani moja. Injini ya kwanza ilikuwa ya lita 1.6 na nguvu farasi kama 115. Ya lita 1.8 ilikuja 1993. Kwa hiyo tusidanganyane, kwenye mlima gari la kawaida la familia la siku hizi litakupita na dereva wake wala asijue kwamba mlikuwa mnashindana.

Hesabu miaka basi. Hata lililo changa kuliko yote ni zee. Unaponunua gari la umri huu, usomaji wa kilomita ni hadithi tu. La maana ni lililala wapi na nani alikuwa akiliangalia.

La kwanza nililoenda kuona lilikuwa jekundu, linang'aa mpaka unajiona usoni, kilomita chache, siti safi. Muuzaji aliniacha nilizunguke, akijua kabisa kwamba rangi inamfanyia kazi yake. Nilikuwa nimekwenda na rafiki yangu fundi, mtu wa maneno machache. Yeye hakuitazama injini kwanza. Alisogeza siti ya dereva mbele, akapitisha mkono nyuma yake mpaka kwenye kapeti, akabonyeza. Alipoutoa, vidole vilikuwa vimelowa. Mvua ilikuwa na siku nne haijanyesha.

Hapa ndipo penye roho ya gari hili, nivumilieni kidogo. Paa la turubai linapokutana na bodi, maji ya mvua hukusanywa na kupelekwa kwenye matundu mawili, moja kila upande nyuma ya siti, kisha hushuka kwa bomba mpaka chini ya gari mbele ya tairi la nyuma. Majani na vumbi vikiziba lile tundu, maji yanakosa pa kwenda. Yanamwagikia ndani, yanaloweka kapeti, yanaingia kwenye ubavu wa chini ya mlango na kutulia humo. Bati linaanza kuoza kutoka ndani kuja nje, na siku utakayoona kijipele kidogo cha rangi mbele ya tairi la nyuma, jua nyuma yake hakuna bati tena. Kuuziba ubavu huo vizuri ni kukata na kuchomelea, na ni kazi inayoweza kula pesa nyingi kuliko kufufua injini.

Fundi wangu akatoa sumaku ndogo aliyoivisha kitambaa ili isikwaruze, akaitembeza kwenye ubavu ule mwekundu. Mlangoni ilishika. Katikati ikashika. Ilipokaribia tairi la nyuma ikadondoka chini. Akaiokota, akajaribu tena, ikadondoka tena. Puti tupu, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, imepigwa msasa na kupakwa rangi kwa ustadi ambao kusema kweli niliuheshimu. Muuzaji akasema, "Kaka, hilo ni gari la zamani, kidogokidogo hapakosi." Tukamuaga kwa heshima. Njia nzima nilikuwa kimya kama mtu aliyekataliwa posa.

La pili sitalisema sana. Lilikuwa la 1990, na kwenye yale ya mwanzo ya lita 1.6 kuna jambo la kuangalia: kichwa cha kranki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kilikuwa kifupi, na pale puli inapofungwa panaweza kulika. Injini ikiwa inanguruma polepole, mulika puli ya chini kwa tochi. Ikizunguka imetulia, shukuru. Ile ilikuwa inayumba kama baiskeli iliyopinda rimu. Tulizima injini, tukaondoka.

La tatu lilikuwa la bluu iliyokufa, boneti imekuwa na rangi ya jinzi iliyofuliwa sana. Kilomita zilikuwa karibu mara mbili ya lile jekundu. Lakini mwenyewe, mzee mmoja mstaarabu, alitoa bahasha yenye risiti: mkanda wa taimingi, oili, breki, vyote na tarehe. Kapeti kavu. Sumaku ilishika mpaka mwisho. Chini, sehemu za kuwekea jeki hazikuwa zimepondwa. Tatizo lilikuwa moja, nalo lilikuwa kubwa machoni pangu: pale injini inapokutana na giaboksi palikuwa na oili, tone linafuata tone.

Nilitaka kukimbia. Oili mahali hapo, mtu yeyote atakwambia ni sili ya nyuma ya kranki, yaani ule mpira unaozuia oili isitoke, na kuifikia sharti giaboksi ishuke. Fundi akapanda juu badala ya kulala chini. Nyuma kabisa ya silinda hedi, sehemu ya juu ya injini, karibu na ukuta wa kibini, kuna kisensa kinachosoma mzunguko wa kemshafti, shafti inayofungua vali, na kimezibwa kwa kijipete cha mpira. Mpira ukikauka, oili inatoka pale, inateremka nyuma ya injini, na inadondokea mahali palepale ambapo ingedondokea kama sili ya kranki ndiyo imekufa. Alipitisha kidole, kikarudi cheusi. Kijipete chenyewe bei yake ni kichekesho. Tabu ni kupenyeza mkono. Mzee naye alikuwa ameshaambiwa ni sili, na alikuwa ameshapunguza bei kwa ajili hiyo. Nikiri hapa kwamba sikumwambia siku ile. Nilimwambia miezi miwili baadaye kwa simu, akacheka, akasema nimletee basi nimpitishe mzunguko mmoja. Nikampitisha.

Kuliendesha kwanza kulinithibitishia mambo madogo. Gia ya pili ilikwaruza injini ikiwa baridi, ikalainika ilipopata joto, jambo ambalo ni la kawaida kwa magari haya. Juu ya injini kulikuwa na sauti ya tik-tik-tik, tapeti za oili, vile vidude vinavyosukuma vali, nayo ikapungua sana baada ya kumwaga oili na kuweka mpya. Lakini niwaambie ukweli, kona ya kwanza tu nilikuwa nimeshaamua. Usukani unakuambia kila kokoto. Kilomita 60 kwa saa humo unaziona kama 120, na kwa mtu mwenye familia hilo si jambo dogo, maana unafurahi bila kuvunja sheria.

Familia, ndiyo. Mke wangu alilizunguka mara moja, akauliza, "Baba Neema, tuko wanne. Nani anabaki?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Buti lake linameza begi moja na nusu, tena betri nayo imekaa humohumo. Betri hiyo usibadilishe kwa yoyote utakayoikuta dukani. Inatakiwa iliyozibwa, yenye mirija ya kutoa hewa yake nje, vinginevyo gesi na asidi vitakaa na mizigo yako.

Kwa miaka hii miwili nimebadilisha silinda ndogo ya klachi (ilivuja, kazi ya asubuhi moja), bushi za mbele na dirisha la nyuma. Dirisha ni kosa langu. Ni la plastiki na lina zipu. Unatakiwa ulifungue na kulilaza kwanza ndipo ukunje paa. Nilikuwa na haraka, nikakunja vyote pamoja asubuhi yenye baridi, likapasuka kwa sauti ya biskuti. Yale matundu ya maji huyasafisha mwenyewe kila msimu kwa uzi wa plastiki wa mashine ya kufyekea nyasi. Waya wa chuma utatoboa bomba.

Ukiniuliza kama ununue: kama ndilo litakuwa gari lako pekee, na saa moja asubuhi lazima uwe kazini na watoto wawe shule, hapana, tena hapana ya haraka. Kama una usafiri mwingine na fundi asiyeogopa kukuharibia furaha, nenda, ila beba sumaku. La bei nafuu kuliko yote liache hata kabla ya kupiga simu. Na kati ya lenye bodi nzima na injini iliyochoka, na lenye injini tamu na bodi iliyooza, mimi sifikirii mara mbili: injini hung'olewa na kurudishwa.

Wiki iliyopita taa ya kushoto ilikataa kuchomoza. Gari limekonyeza jicho moja, giza linaingia, Neema pembeni anacheka mpaka machozi. Nikafungua boneti, nikatafuta kile kitasa kidogo juu ya mota ya taa, nikakizungusha kwa mkono mpaka jicho likasimama. Mota nyingine bado sijaagiza. Neema anasema niiache hivyohivyo.